Gauni la Mkono Mmoja

Karatasi ya mwalimu ilikuja ndani ya mkoba wa mwanangu siku ya Jumatatu, siku moja tu baada ya mke wangu kuniambia kwenye simu kwamba Jumapili ijayo anaanza kukaa matanga. Matanga ya nani? Ya huyo huyo mwanangu, ambaye wakati maneno hayo yanasemwa alikuwa amesimama ubavuni pangu, mzima, anatafuna biskuti, na hataki kutoa sauti.

Ngoja nieleze, maana nikiacha hapo mtadhani nilioa mwendawazimu. Mke wangu hakuwa mwendawazimu. Alikuwa na haki ya kufikiri alivyofikiri, na haki hiyo nilimpa mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Sisi ni watu wa Tanga, na wakati huo tulikuwa tumepanga chumba kimoja Durban, ghorofa ya tisa katika jengo moja la South Beach. Bahari ilikuwa jirani, lakini dirisha letu lilitazama madirisha ya vyoo vya jengo la pili. Mimi ni fundi cherehani. Kila asubuhi nilipanda taksi kwenda Isipingo, ambako mwenye duka la vitambaa alinipa kona ya kuweka mashine yangu, nikawa napunguza suruali na kubadilisha zipu za watu waliokuwa wanawahi usafiri. Mwezi wa kwanza mama mkwe alipata kiharusi, mke wangu akarudi nyumbani kumuuguza. "Wiki sita," aliniambia. Akaniachia binti wa miaka mitano na maagizo mengi kuhusu nywele. Wiki sita zikapita, mama mkwe hakupona wala hakufa, na mke wangu hakuweza kumwacha mama yake kitandani hajiwezi hata kujigeuza.

Kwa hiyo tukawa watu wa simu. Kila Jumapili saa kumi nilishuka na mtoto hadi kwenye duka la simu chini ya jengo letu, lililoendeshwa na mama mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu. Huyo mama ndiye pia aliyemchukua mwanangu chekechea saa saba kila siku na kukaa naye mpaka nirudi kazini, na mpaka leo sijui ningefanya nini bila yeye. Tulipiga kwenye duka la jirani kule Tanga, mke wangu akiwa anatungoja hapo. Jumapili za mwanzo mtoto aliongea mpaka ikabidi nimnyang'anye simu. Alimsimulia mama yake habari za lifti iliyokwama, za mbwa wa mlinzi, za mimi kuunguza maharage. Mwezi wa tatu maneno yakaanza kupungua. Ikawa "ndiyo" na "hapana". Halafu ikawa kutikisa kichwa, na kichwa hakisikiki kwenye simu. Ilipofika Aprili alikuwa hasemi kabisa, si kwenye simu, si nyumbani, si kwa mwalimu wake.

Nilihangaika. Zahanati walimmulika koo wakasema koo ni zima. Nikampeleka Chatsworth kwa mzee mmoja wa ile jamii ya Wazanzibari waliohamishiwa huko zamani, akamwandikia kombe, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji. Mtoto akalinywa mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo, akaendelea kunyamaza. Nilimnunulia pipi. Nilimtishia fimbo. Nilimwombea kila baada ya sala, mpaka nikaona haya mbele ya Mungu kwa kurudia jambo lile lile kama mtu anayegonga mlango wa jirani kila siku kuomba chumvi.

Sasa hayo ya matanga. Kwetu habari ya kifo haisemwi kwenye simu. Mtu aliye mbali huambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo. Au huambiwa yuko salama, amelala. Na akifika ndipo anapokuta watu wamekaa chini. Tunaona huko ndiko kumhurumia. Nami niliwahi kumhurumia mke wangu hivyo hivyo. Mwaka uliotangulia, baba yake alipofariki, habari ilinifikia mimi kwanza. Nilimficha siku tisa. Kila alipoomba kuongea na mzee nilimwambia mzee ana usingizi, mzee amekwenda msikitini, mzee sauti imemkauka. Siku ya kumi nikamwambia ukweli, na alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Kwa hiyo Jumapili ile aliponiambia, "Mpe simu," nami nikajibu, "Nimempa, anakusikiliza," tayari sote wawili tulijua tumeshapita njia hiyo.

"Anasikiliza kitu gani?" akasema. "Mwambie aite mama."

Nikamwambia mtoto. Mtoto akautazama waya wa simu.

"Ana haya tu siku hizi," nikasema.

"Na baba yangu ulisema ana usingizi tu."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Jumapili ya tano hii," akasema mke wangu, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo lililonitisha zaidi. "Kama mwanangu amekufa, niambie. Nitavumilia. Jumapili ijayo nisiposikia sauti yake natandika jamvi nakaa matanga, na wewe usinipigie tena."

Akakata. Nilibaki nimeshika simu, na mtoto akamalizia biskuti yake.

Kuna jambo jingine, na nitalisema hapa hapa ingawa wakati ule sikuona kama linahusika. Mwanangu alizaliwa na shoto. Kijiko alishika kwa kushoto, penseli kwa kushoto, na mkono alitoa wa kushoto. Mke wangu alikuwa akisema, "Mwache, akikua ataacha." Mimi nilikuwa nachukia. Nilikuwa nachukia kwelikweli. Mkono ule kila mtu anajua kazi yake ni ya chooni. Siku moja mgeni wetu kutoka Pangani alimtolea zawadi ya mkufu mdogo wa ushanga, na mtoto akaupokea kwa kushoto, na mgeni akaona aibu kwa niaba yangu. Nilitamani sakafu ipasuke. Na mimi ni fundi. Fundi wa kushoto nilikuwa sijamwona, hata mkasi wenyewe unamkataa.

Mke wangu alipoondoka, nikasema sasa nafasi nimepata, nitamlea kama tulivyolelewa. Mwezi wa pili katikati nilimshonea gauni. Kitambaa cha bluu chenye maua meupe, kizuri, kipande kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Mkono wa kulia uliishia kwenye kifundo kama gauni lolote. Wa kushoto niliurefusha inchi nne nikaufunga mwisho wake, kama foronya. Nilipitisha mshono mara mbili ili asiufumue kwa meno. Nikamvika, nikamgeuza mbele ya kioo, nikamwambia, "Mkono mchafu ukae humo mpaka ujifunze adabu." Alilivaa kila nirudipo kutoka kazini na kila Jumapili kutwa. Na msiniulize kama sikuona aibu. Niliona fahari. Mshono ulikuwa umenyooka.

Yule mama wa simu aliliona gauni hilo Jumapili ya kwanza.

"Papa," akaniambia, "juu ya nini unafunga mutoto mukono? Iko na kidonda?"

"Hana kidonda. Anafundishwa."

"Anafundishwa nini? Mungu alimupatia miwili."

"Mama, wewe tazama simu zako," nikamjibu, mimi niliyekuwa nimemwachia mtoto siku tano kwa wiki. Akarudi kwenye simu zake. Lakini kila tuliposhuka Jumapili alimtazama mwanangu begani, si usoni, na mimi nikajifanya sioni.

Turudi kwenye karatasi. Huku kwao, mwezi wa nne na wa tano ndiyo majira ya majani kupukutika. Kwetu miezi hiyo ni masika, matope hadi magotini na majani ndiyo kwanza yanachipua, kwa hiyo nililisoma neno lile la majira, lililoandikwa juu kabisa ya karatasi, kama mtu anayesoma tangazo la mji asiowahi kufika. Mwalimu alichora majani yenye vidole, mekundu na ya njano, akaandika kazi tatu za kufanya nyumbani kabla ya Jumatatu nyingine. Kwanza, mtoto na mzazi waokote majani yaliyobadilika rangi. Pili, wayakaushe yanyooke. Tatu, mtoto aweke kiganja chake juu ya karatasi, akichore pembeni mwenyewe, akipake rangi, akikate, kiwe jani la kubandikwa ukutani darasani. Mzazi asimchoree. Na chini kabisa: mnapofanya kazi, ongeeni kuhusu rangi.

Ongeeni. Nililisoma neno hilo mara tatu. Nilikuwa nimefika mahali pa kushika chochote kinachoelea, na karatasi ya chekechea ndiyo iliyokuwa inapita.

Asubuhi ya Jumanne nilimuuliza mwalimu mlangoni kama mtoto amesema lolote. Alikuwa mama wa makamo, mpole, ananukia sabuni. Akatikisa kichwa. Akaniambia mtoto ana akili, anasikiliza kila kitu, ila haimbi na wenzake wala hachori. "Anakaa tu," alisema, "na mkono wake wa kushoto anaukalia. Kila siku. Anauweka chini ya paja na kuukalia mpaka saa ya kwenda nyumbani." Mimi nikaona hizo ni habari njema. Nilimshukuru nikakimbilia taksi, na njia nzima nikajisifu kimoyomoyo kwamba angalau hilo moja limeingia.

Majani mekundu hayapatikani Durban kirahisi. Miti yao mingi haina habari na majira ya mwalimu. Imesimama kijani mwaka mzima. Niliokota majani ya njano ya mti fulani wa barabarani karibu na robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, yakanikatikia mfukoni. Jumatano nilizunguka wakati wa chakula badala ya kula. Alhamisi ndipo nilipouona, nyuma ya kituo cha taksi pale Isipingo, ndani ya uwanja wa mtu anayetengeneza magari: mkungu. Mkungu kabisa, kama ule uliokuwa nje ya chuo chetu cha Kurani Tanga, matawi yamelala kama sinia, na chini yake majani makubwa mekundu yamelowa oili. Nilikuwa nimeuona mti ule maisha yangu yote ukimwaga majani mekundu, na hakuna aliyewahi kuniambia hayo ni majira ya kitu. Nikapiga magoti nikaanza kuchagua. Kijana wa gereji akasema, "Eish, baba!" akacheka, akaniletea mfuko wa plastiki.

Kukausha kulikuwa kazi yangu, maana pasi naijua. Ijumaa jioni nilitandika karatasi ya kaki juu ya meza, nikalaza jani, nikafunika kwa karatasi nyingine, nikapitisha pasi ya uvuguvugu kama napiga kola ya hariri. Jani likatoka limenyooka, jekundu, lina mishipa ya njano. Chumba kikanuka majani ya kuungua, harufu ya uani kwetu asubuhi wanawake wanapofagia na kuchoma taka. Mwanangu alisogea akaweka kidevu mezani. Nikaona hii sasa ndiyo nafasi.

"Hili rangi gani?" nikamuuliza.

Akalitazama.

"Nyekundu. Sema nyekundu."

Akaligusa kwa kidole cha mkono wa kulia.

"Hili je? Sema tu njano. Njano, mama. Neno dogo hilo."

Nilikwenda hivyo kwa majani kumi na moja. Nilianza kwa kubembeleza, nikaenda kwenye kuahidi, na kufika jani la nane nilikuwa nafoka. "Sema! Kwani ulimi nimekukata mimi? Sema nyekundu!" Jirani akagonga ukuta. Jani la tisa lilikuwa chini ya pasi nami nimesahau, likaungua likawa jeusi. Mtoto hakulia. Alikusanya majani mazima kwa mkono mmoja, moja moja, akayapanga juu ya mto wake, na lile gauni la bluu lilikuwa linaning'inia upande wa kushoto kila alipoinama. Nilikaa kwenye kiti nikafunika uso. Zilibaki siku mbili.

Jumamosi sikumwambia neno, nikidhani labda kimya kitamkera. Hakikumkera.

Jumapili asubuhi tulibakiwa na kazi ya tatu. Nilimwogesha, nikamsuka vibaya, nikamvika lile gauni, kwa sababu saa kumi tulikuwa na simu na nilitaka awe na adabu siku hiyo kuliko siku zote. Nikatandika karatasi nyeupe, nikaweka penseli pembeni.

"Weka mkono juu ya karatasi," nikamwambia.

Akautazama mfuko wa kushoto, akautazama mkono wa kulia.

"Wa kulia, ndiyo. Utabandikwa ukutani, watu watautazama. Hatubandiki mkono mchafu ukutani."

Akauweka wa kulia, vidole vimetanuka vizuri.

"Haya, chora."

Hakuchora. Alitazama penseli, kisha akainua ule mkono wa kulia ili aichukue.

"Usiutoe mkono! Mkono ukae pale pale. Chora kuzunguka."

Akaurudisha. Akanitazama. Nikamwonyesha penseli kwa kidole, nikamwambia tena: mkono wa kulia ukae, na achore kwa mkono wa kulia. Nilisema hivyo. Sina pa kujificha, nilisema hivyo mara nne, mimi ninayekata suruali ya mtu kwa kumtazama tu anavyoingia mlangoni. Kila alipoinua mkono nilimfokea aurudishe, na kila alipourudisha nilimfokea achore. Kichwani mwangu kulikuwa na mkono mmoja tu wenye ruhusa ya kufanya kitu chochote duniani, na sikuona kwamba mkono mmoja hauwezi kulala na kusimama kwa wakati mmoja.

"Unanifanyia makusudi," nikamwambia. "Mama yako leo anakukalia matanga, anakulilia kama maiti, na wewe unanifanyia makusudi!"

Mwanangu akainama. Akaikamata penseli kwa meno. Akaisogeza kwa midomo mpaka ikakaa sawa, akaanza kuchora kidole gumba chake, shingo imepinda, mate yanadondoka kwenye karatasi, polepole, kwa uangalifu wote aliokuwa nao, na mkono wa kulia hakuusogeza hata kidogo.

Alimaliza kidole gumba, akaanza cha shahada. Nilitaka kusema acha, na sauti haikutoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua jinsi inavyokuwa, kutaka kusema na mdomo ukakataa. Mwishowe niliitoa penseli kinywani mwake kwa vidole vyangu. Ilikuwa na alama za meno pande zote. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya mtu mzima yeyote, na nililia mbele ya mtoto wa miaka mitano, kwa sauti, bila kujifuta.

Kisha nikachukua wembe wangu wa kufumulia. Nilimkalisha mezani nikafumua ule mkono wa gauni, uzi mmoja mmoja. Nilishona mara mbili, kwa hiyo nilifumua mara mbili. Mkono wenyewe ulikuwa ndani umekunja ngumi, umelowa jasho, na katikati ya kiganja kulikuwa na alama nne za kucha.

"Chora kwa huo, mama," nikamwambia. "Chora."

Hakuufungua. Aliushusha taratibu akauweka chini ya paja lake, akaukalia. Hapo ndipo maneno ya mwalimu mlangoni yalinirudia yote, na jinsi nilivyojisifu ndani ya taksi.

Nilimbembeleza. Nilimwambia mkono huo si mchafu, baba alikosea. Alinisikiliza kama anavyosikiliza wote. Bila shaka aliona ni mtego. Hata mimi ningeona hivyo. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda saa nane. Nikaona maneno yangu hayana thamani tena ndani ya chumba kile, wala Tanga hayakuwa nayo, na kwamba nimejifikisha hapo kwa miguu yangu.

Basi nikavuta karatasi nyingine. Nikaweka mkono wangu wa kulia juu yake, na penseli nikaichukua kwa kushoto. Sikuwahi kushika penseli kwa mkono ule tangu nizaliwe. Ilinitoka vidoleni mara mbili. Nikachora. Mstari ulikwenda unakotaka. Nilipoinua mkono, kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa kipande cha tangawizi, kina vichwa sita, na sijui cha sita kilitoka wapi. Mwanangu aliinama kukitazama. Pumzi ikamtoka puani, fupi, mara mbili. Nilijua kicheko hicho. Kilikuwa kicheko chake cha lifti iliyokwama.

Akautoa mkono chini ya paja. Aliutazama kwanza, akanitazama mimi, nami nikatazama dirishani ili asinione namtazama. Kisha nikasikia penseli ikitembea. Alichora kiganja chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, mstari mmoja, hakuinua penseli hata mara moja. Nasema kama fundi: mimi na chaki yangu ya miaka kumi na tano sina mstari kama ule. Mkasi wangu ulikataa mkononi mwake, ukawa unakunja karatasi badala ya kukata, nikajua leo nani mwenye makosa. Akauweka chini akachana karatasi kwa vidole, polepole, kufuata mstari. Akapaka nyekundu. Akabandika vipande vya mkungu kwenye ncha za vidole kwa gundi ya unga niliyoikoroga.

Lakini hakusema neno. Nataka ieleweke hivyo. Saa kumi kasorobo nilimfunga viatu na alikuwa hajasema neno, na mimi sikumwomba. Nilisimama ndani ya lifti nikihesabu ghorofa zikishuka, nikimfikiria mke wangu akitandika jamvi. Nilikuwa nimemaliza yote niliyoyajua.

Mama wa simu alituona tukiingia. Aliona mkono wa gauni uko wazi, nyuzi zinaning'inia, na ndani yake vidole vitano vimeshika jani la karatasi. Hakunicheka.

"Bon, sawa," alisema, akafuta kiti kwa kiganja. "Kaa hapa, mwanangu. Simu iko tayari."

Akapiga yeye mwenyewe. Niliposhika simu nilisikia sauti nyingi za wanawake nyuma ya sauti ya mke wangu, na mtu anaombwa asogeze viatu.

"Wameshafika," akasema mke wangu. "Jamvi limetandikwa. Niambie sasa."

"Sina cha kukwambia," nikamjibu. "Yuko hapa."

Nikampa mtoto simu. Aliipokea kwa mkono wa kulia, kama nilivyomfundisha, akaiweka sikioni. Nilitazama sakafu. Kulikuwa na vigae vya kijani, kimoja kimepasuka. Kule Tanga mke wangu alikuwa anaita jina lake, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu sauti ikaanza kubadilika kuwa ile ya wanawake msibani.

"Mama," akasema mwanangu.

Ilikuwa sauti nzito, imekwaruza, kama ya mtu aliyeamshwa. Upande wa pili mke wangu alipiga kelele, na wanawake wote wakapiga naye, yu hai, yu hai, mpaka mama wa simu akashika kifua. Mtoto akaisogeza simu mbali kidogo na sikio. Aliwangoja wamalize. Kisha akasema, kwa utaratibu, maneno ambayo nadhani alikuwa ameyatunza kwa muda mrefu:

"Mama, baba alinishona mkono."

Sikumnyang'anya simu.

"Alikushona wapi, mwanangu?" nikamsikia mke wangu akiuliza, kwa mbali, ndani ya waya.

"Hapa," akasema, akaunyoosha mkono wa kushoto mbele ya simu, vidole vyote vimetanuka, ili mama yake auone.